Injini Inapogonga

Mafundi wa magari wa Tanzania wana kitenzi chao, kunoki, nao hukitamka kama daktari anavyotamka jina la ugonjwa usiopona. "Injini imenoki," asema fundi, na mwenye gari hushika kichwa. Lakini mlio wa kugonga ni wa namna nyingi, na si kila mlio ni msiba. Mimi nauandika nikiwa Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa katika Wilaya ya Manyoni. Huku gereji ni kivuli cha mti mbele ya nyumba, na huenda gari linalogonga ndilo lililokuwa limpeleke mzazi hospitali usiku huo.

Kilimatinde ya sasa ni mji mdogo, ila Wajerumani walikuwa na boma hapa, kwenye njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora. Reli ya Kati ndiyo iliyoupokonya mji huu ukubwa wake. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ikapita Saranda na Manyoni, ikaliacha boma pembeni. Lakini kabla reli haijafika Ugogo, gari lilikwisha kupita. Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari lililoundwa Gaggenau, akashika njia ya Tabora, na tarehe 1 Mei 1909 akaingia Swakopmund, upande wa pili wa bara. Petroli yake ilitangulizwa kwa vichwa vya wapagazi. Injini ilimharibikia njiani, akalazimika kungoja vipuri vilivyotoka Ujerumani kwa meli.

Basi hapo tuone jambo ambalo limedumu tangu siku hizo: injini ilitufikia mapema, vipuri vikachelewa. Aliye mbali na duka hawezi kufungua injini kwa kubahatisha, kwani gasketi ikichanika ataipata wapi? Ndiyo maana hapa ufundi ulianzia sikioni.

Fundi mmoja mzee, jirani yangu, hana chombo cha kupimia zaidi ya bisibisi ndefu. Ncha yake huigusisha kwenye injini, mpini huuweka sikioni, kisha husogea polepole kutoka juu kwenda chini. Mlio mwepesi wa haraka, wa juu kabisa, ni tapeti zimelegea, na hizo hurekebishwa kwa spana kabla chai haijapoa. Mlio unaosikika asubuhi injini ikiwa baridi, ukapotea ikipata moto, mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika. Gari la namna hiyo laweza kutembea miaka. Mlio mzito wa chini, unaozidi ukikanyaga mafuta, ndio wa kuogopwa. Hapo huchomoa waya za plagi moja baada ya nyingine, injini ikinguruma, huku ameshika kwa kitambaa kikavu. Akichomoa ya silinda ya tatu na mlio ukapungua, amekwisha kumjua mgonjwa: ni beringi ya konirodi ya silinda hiyo.

Kuna mlio mwingine ambao si wa chuma kulegea. Gari lenye mzigo likipanda kutoka bonde la Bahi kuja Saranda, injini ikiwa moto na gia ikiwa kubwa mno, husikika kama vikombe vinagonganishwa. Ni petroli inayolipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu. Mlio huu, ambao dereva wetu huumaliza kwa kupunguza gia au kurudisha taimingi nyuma kidogo, ndio uliowahangaisha wakubwa wa viwanda vya Marekani. Desemba 1921 Thomas Midgley, katika maabara ya General Motors, aligundua kwamba dawa kidogo yenye madini ya risasi huunyamazisha. Ilijulikana tangu mapema kuwa risasi ni sumu. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa kwa dawa hiyo. Midgley na wenzake walijua vilevile kwamba alkoholi nayo hutuliza mlio, ila risasi ilikuwa rahisi na yenye faida. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Kwa miongo minane watoto walivuta moshi ule, na madhara yake huingia katika ubongo. Ni kweli injini zenye nguvu zaidi zilipatikana. Mimi sioni kama biashara ile ilikuwa ya haki.

Risasi ilipoondoka, mlio haukuondoka. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugongesha injini vilevile, na wengi tunakumbuka uchakachuaji ulivyoenea hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Kwa hiyo jirani yangu, kabla ya kugusa spana, huuliza kwanza: mafuta umeweka wapi?

Ikibainika kuwa ni beringi, gari halipigwi stati tena. Sampu hushushwa, kepu ya konirodi hufunguliwa, na oili iliyomwagwa hutazamwa juani kama ina vimulimuli vya chuma. Zamani beringi zilikuwa za madini laini aliyoyabuni Isaac Babbitt mwaka 1839, na mafundi walikaza kepu kwa kuondoa vipande vyembamba vya bati vilivyowekwa katikati. Wazee husimulia hata waliokata mkanda wa suruali, wakauweka ngozi yake badala ya beringi, wakafika nyumbani polepole. Kwa injini za sasa, kupiga kepu tupa ni kuiua krankishafti. Jirani yangu huipitisha kucha juu ya krankishafti. Kucha ikikwama kwenye mkwaruzo, hufunga vifaa vyake na kumwambia mwenye gari atafute lori la kwenda Dodoma.