Acha Kuniuliza Kama ni ya Hospitali au ya Kienyeji. Niambie Ndani ya Mkebe Mna Nini

Kila mtu mtaani ana dawa ya ukurutu. Shosho anasema pakaa aloe vera. Jirani anasema chemsha mwarobaini uoge nayo. Rafiki yako ana krimu kwa kamkebe kadogo, haina jina, lakini anaapa inashika ndani ya siku tatu. Daktari naye anakuandikia tyubu ya steroidi bila kukueleza mengi, manake foleni ni ndefu. Basi tunagawanyika kama Gor na Ingwe: timu hospitali upande huu, timu miti shamba upande ule.

Mimi nasema hizo timu ni za uongo. Ukifuata historia ya huu ugonjwa, utapata hospitali imewahi kuwapa watu sumu, na dawa za watu wa kawaida zimewahi kuingia hospitalini. Swali la maana limekuwa moja siku zote: hicho unachopaka ni nini hasa?

Tuanze na jina. Ekzema ni neno la Kigiriki, lina maana ya kitu kuchemka hadi kikafurika. Kama umewahi kuamka saa nane usiku ukijikuna hadi damu, unajua hao Wagiriki hawakukosea. Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari Robert Willan wa London alipanga magonjwa ya ngozi kulingana na yanavyoonekana, na ekzema ikapata nafasi yake vitabuni. Mwaka wa 1892, Mfaransa Ernest Besnier akaeleza kwamba huu mwasho huenda pamoja na pumu, na hutembea kwa familia. Kwa hivyo wewe unayekataa kumsalimia mtu kwa mkono ukidhani atakuambukiza, umechelewa zaidi ya miaka 130.

Kujua jina si kujua dawa, lakini. Karne hiyo ya 19, dawa moja kubwa ya ngozi huko Uingereza ilikuwa maji ya aseniki, mchanganyiko aliouandika daktari Thomas Fowler mwaka wa 1786. Ndiyo, aseniki, ile sumu. Watu walikunywa matone kila siku, kwa miezi, kwa amri ya daktari. Miaka ya 1880, Jonathan Hutchinson wa London alieleza wagonjwa waliotumia aseniki muda mrefu kisha wakapata saratani ya ngozi. Hiyo haikuwa dawa ya mganga wa kichochoroni. Ilikuwa ya hospitali, na ilikuwa na karatasi zake zote.

Wakati huohuo, Marekani, vibarua wa visima vya mafuta kule Titusville, Pennsylvania walikuwa wakipaka vidonda na michomo yao utando mzito uliokuwa ukiganda kwenye mitambo. Kijana mmoja mkemia, Robert Chesebrough, akawaona, akachukua ule uchafu, akausafisha, na mwaka wa 1872 akapata hataza ya kitu alichokiita Vaseline. Leo daktari wa ngozi akikuambia pakaa mafuta mazito ukitoka kuoga, anakupa dawa iliyoanzia kwa vibarua. Na sababu ya kusaidia inajulikana: mwaka wa 2006 watafiti wa Dundee, Scotland walionyesha kwamba baadhi ya watu wenye ukurutu wana hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia ngozi kushikilia maji na kuzuia vichokozi. Ukuta una nyufa, mafuta yanaziba. Mathe wako aliyekung'arisha kwa mafuta kabla ya shule hakusoma hiyo ripoti, lakini alikuwa upande wake.

Sasa twende kwa ile tyubu inayoogopwa. Mwaka wa 1948, kwenye Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea vizuri, na baada ya siku chache akatembea. Shida ilikuwa bei: kotisoni ilitengenezwa kutoka kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30. Kilichoishusha bei ni shamba. Kampuni moja ilitumia viazi vikuu vya mwituni kutoka Mexico, pamoja na kuvu. Naye Percy Julian, mkemia Mmarekani Mweusi, alipata njia ya kutumia soya. Huyo jamaa, mwaka wa 1950, watu wasiotaka Mweusi aishi Oak Park walijaribu kuchoma nyumba yake. Mwaka wa 1952, Marion Sulzberger na Victor Witten wakaripoti kwamba haidrokotisoni ya kupaka inatuliza ukurutu. Kwa hivyo wewe wa timu miti shamba unayesema steroidi ni kemikali za wazungu, jua kuna viazi, soya na akili ya mtu Mweusi ndani ya hiyo stori.

Lakini wewe wa timu hospitali usicheke bado. Baada ya haidrokotisoni zilikuja steroidi kali zaidi na zaidi. Mwaka wa 1962, McKenzie na Stoughton walichapisha njia ya kuzipima: unapaka, halafu unaangalia ngozi imepauka kiasi gani, manake steroidi hubana mishipa midogo ya damu. Miaka ya 1970 ikaja klobetasoli, mojawapo ya kali kabisa. Na leo dawa hiyo ya ukurutu inauzwa kwa maduka ya vipodozi hapa kwetu kama krimu ya kung'arisha uso. Ukiipaka usoni kila siku kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, na ukiacha ghafla uso unawaka kuliko mwanzo.

Na kuna kisa kingine London. Miaka ya 1990 mwanzoni, dawa ya Kichina ya majani ya kuchemsha ilivuma sana kwa ukurutu. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ikaijaribu kisayansi, na matokeo ya 1992 yakaonyesha watoto wengi walipata nafuu kuliko waliopewa majani ya danganya toto. Baadaye zikaja ripoti za watumiaji walioumia ini. Halafu mwaka wa 1999, madaktari wakapima krimu 11 za Kichina zilizosemekana ni za mimea tu. Nane zilikuwa na deksamethasoni, steroidi ya hospitali, na hakuna aliyewaambia wagonjwa. Mtu alikimbia steroidi za daktari, akaenda kuzinunua kwa jina la majani.

Sasa rudi kwa kale kamkebe ka rafiki yako. Krimu isiyo na jina ikimaliza ukurutu kwa siku tatu, usishangilie. Shuku.

Mimi sikukatazi aloe vera ya shosho. Jaribu kidogo mkononi kwanza, ungoje siku moja au mbili, manake utomvu wake unaweza kuwasha, na mafuta ya mwarobaini pia. Tyubu ya daktari itumie alivyosema: kiasi cha ncha ya kidole kinatosha viganja viwili, si kujisiliba kama chapati. Uliza ina nguvu kiasi gani, inafaa uso au la, na unaacha lini. Kama umekuwa ukitumia kali muda mrefu, usiache ghafla kwa sababu ya hii posti. Nenda kwa daktari na huo mkebe mkononi.

Na kama anayekuuzia hawezi kukuambia kilicho ndani, awe amevaa koti jeupe au anauza kando ya steji, weka pesa yako mfukoni.