Mwacha Asili na Kipya Kinyemi: Wasikilizaji Wazee katika Historia ya Taarab

Utangulizi

Miongoni mwa methali za Waswahili zimo mbili zinazovutana juu ya suala la mabadiliko. Ya kwanza yasema mwacha asili ni mtumwa. Ya pili yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Uhakiki wa taarab umeegemea mno ile ya kwanza. Mara nyingi historia ya sanaa hii husimuliwa kama historia ya kuporomoka: hapo kale palikuwa na ushairi na udi, kisha zikaja gitaa, kisha vinanda vya umeme, na mwisho yakabaki matusi na kukata viuno. Katika masimulizi hayo msikilizaji mzee hupewa kazi moja tu, nayo ni kulalamika.

Makala haya yanadai kwamba picha hiyo haipatani na historia yenyewe. Kila kipindi cha taarab kimekuwa na wasikilizaji waliokwisha kukomaa katika mtindo mmoja, ambao baadaye waliwapenda waimbaji wa mtindo mwingine uliozuka baada yao. Bila ya wasikilizaji hao, mitindo ambayo leo yaitwa ya asili isingefikia hadhi hiyo. Suala la kujiuliza basi ni hili: sikio lililozoea jambo moja huvuka vipi hadi jingine, na kwa nini wakati mwingine hukataa kuvuka?

Ili kulijibu suala hilo, itafaa kuuona wimbo wa taarab kama kitu kinachosimama juu ya nguzo tatu, yaani maneno, sauti ya mwimbaji, na muziki, kwa maana ya lahani pamoja na ala. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msikilizaji mzee huvuka pale ambapo angalau nguzo moja kati ya hizo tatu imebaki mahali pake. Zinapong'olewa zote kwa pamoja, hubaki ng'ambo ya pili.

Kiswahili kama upya

Taarab iliingia Zanzibar kupitia jumba la mfalme. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Kwa hadhira ya siku hizo, taarab ilikuwa ni ya Kiarabu kwa lugha, kwa lahani na kwa ala. Aliyeijua aliijua hivyo, na aliyeipenda aliipenda hivyo.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika ukoo wa watumwa, na ambaye alianza maisha kwa kuchuuza vyungu, hakuwa na sifa hata moja ambayo hadhira hiyo ingeitarajia. Alikuwa mwanamke, maskini, mtu wa shamba, na akaimba kwa Kiswahili. Hata hivyo, aliyempa mafunzo ya uimbaji alikuwa Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa. Waliomwalika katika majumba ya Mji Mkongwe walikuwa watu waliolelewa na taarab ya Kiarabu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima.

Ni nini kilichowavusha wasikilizaji wale? Bila shaka si maneno, kwani lugha ilikuwa imebadilika, na hata mada zenyewe zilikuwa ngeni. Wimbo wa "Kijiti", kwa mfano, unahusu mauaji ya mwanamke na mwenendo wa mahakama ulioishia kuwaadhibu wasiostahili. Hiyo ilikuwa habari ya Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida, iliyoingizwa katika sanaa ya jumba la mfalme. Kilichobaki kilikuwa muziki. Udi, fidla na mwenendo wa lahani vilimpa msikilizaji wa zamani mahali pa kukanyaga wakati maneno mapya yakimfikia. Nguzo moja ilisimama. Nyingine ikajengwa upya. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa mwimbaji huyu, alikuwa anamtukuza mtu ambaye miongo michache nyuma angeweza kuhesabiwa kuwa mvunjaji wa asili.

Lahani ngeni, shairi lile lile

Mfano wa pili unatoka Mombasa, na mwenendo wake ni kinyume cha ule wa kwanza. Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, Juma Bhalo aliimba kwa lahani nyingi zilizotokana na nyimbo za filamu za Kihindi. Wahakiki wengi wamemlaumu kwa hilo. Lakini sehemu kubwa ya maneno aliyoyaimba ilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita, diwani iliyochapishwa mwaka 1971. Msikilizaji aliyekulia katika barza za Mombasa alisikia lahani ambayo huenda baba yake asingeiita taarab, lakini ndani yake akazikuta beti alizozijua: mishororo mitatu, mizani kumi na sita, kina cha kati na kina cha mwisho, na fumbo ambalo lilimlazimu kufikiri kabla ya kutabasamu.

Zein l'Abdin wa Lamu alishika njia nyingine katika mji huo huo. Yeye alibaki na udi, na akaimba tungo za washairi wa kaskazini, zikiwamo za Ahmed Sheikh Nabhany. Lau kama hadhira ya wazee ingekuwa inatafuta ukale tu, ingempenda Zein na kumkataa Bhalo. Haikufanya hivyo. Wote wawili walipata wasikilizaji wa rika zote, na watu walibishana juu ya nani mbora kama wanavyobishana watu wanaokubaliana kwamba wote ni wa kwao.

Huko Tanga, kikundi cha Black Star na kile cha Lucky Star vilileta gitaa za umeme na besi mahali pa jamii kubwa ya fidla. Mtindo huo ulikuwa wa kisasa kabisa katika miaka ya 1960, na ukavuka mpaka hadi Mombasa. Hata hivyo maneno yalikuwa bado ni ya kishairi, na sauti ya Shakila Saidi ilitosha kumtuliza aliyekuwa na mashaka na gitaa. Alipofariki mwaka 2016, Shakila aliombolezwa kama mlinzi wa taarab ya zamani. Nusu karne ilitosha kuufanya upya wa Tanga uwe ukale wa taifa zima.

Vyombo vya kusikilizia navyo vilichangia. Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951, na baadaye kaseti zilipoanza kunakiliwa madukani Mombasa, wimbo mpya haukuhitaji tena kumsubiri mzee aende harusini. Ulimfuata barazani kwake. Kijana alinunua kaseti, na babu yake akaisikiliza bila kutaka. Mazoea ya namna hiyo hayaonekani katika matini za nyimbo, na kwa sababu hiyo wahakiki wa matini wameyapuuza.

Mipasho na kumbukumbu ya akina mama

Kipindi kilichozua mabishano makali zaidi ni kile cha miaka ya 1990. Tanzania One Theatre iliundwa mwaka 1992, na ushindani wake na kikundi cha Muungano ukawakutanisha Khadija Kopa na Nasma Khamis katika nyimbo za kujibizana. Fumbo likafunuliwa, kijembe kikatupwa mchana. Kinanda cha umeme kilichukua kazi ya ala nyingi, na hadhira iliyokuwa ikikaa vitini ikainuka kucheza. Wahakiki wengi waliona hapo mwisho wa taarab.

Walakini, uhakiki huo ulizungumza kana kwamba wazee wote ni wanaume wa barazani. Akina mama wa umri huo huo walikuwa na kumbukumbu tofauti. Katika miaka ya katikati ya karne ya ishirini, vyama vya wanawake vya Zanzibar kama Nurul-Uyun na Sahib el-Arry vilishindana kwa nyimbo, na vyama vya lelemama vya Mombasa vilifanya vivyo hivyo. Kanga nazo zilikuwa zikipeleka ujumbe kwa jirani asiyesemeshwa. Kwa bibi aliyewahi kuimba dhidi ya chama cha mtaa wa pili, mpasho haukuwa jambo geni. Kilichokuwa kigeni ni jukwaa, kipaza sauti na kinanda. Isitoshe, Khadija Kopa alikuwa ametokea Culture Musical Club ya Zanzibar, hivyo sauti yake ilikwisha kuzoeleka. Nguzo ya muziki ilitikiswa, lakini sauti na namna ya kusema zilibaki.

Ushahidi wa jambo hili haupatikani katika beti. Unapatikana katika tuzo. Msikilizaji wa taarab anapoinuka katikati ya wimbo akamtunza mwimbaji fedha, huwa anatangaza kwamba mshororo ule umemhusu, au umemhusu mtu aliyekaa viti viwili nyuma yake. Tendo hilo ni uhakiki wa papo kwa hapo, na halina umri. Mwanamke mzee anayeinuka kumtunza mwimbaji kijana ametoa hukumu yake juu ya wimbo mpya hadharani, tena kwa gharama yake mwenyewe.

Haifai, hata hivyo, kutia chumvi. Wapo wazee wengi ambao hawakuvuka, na sababu zao zina uzito. Pale ambapo beti zilivunjika zisiwe na mizani, sauti ikawa ngeni, na kinanda kikajaza nafasi yote ya muziki, msikilizaji wa zamani hakuachiwa chochote cha kushika. Kumwita mtu huyo mhafidhina ni kumkosea. Alichokikataa ni wimbo usiomwachia mlango wa kuingilia.

Mwelekeo wa karne ya ishirini na moja

Tangu mwanzo wa karne hii mwelekeo umejipinda kwa namna ya kuvutia. Bi Kidude, aliyezihifadhi nyimbo za Siti binti Saad na kuzichanganya na ngoma ya unyago, alishirikiana na vijana wa Offside Trick katika "Ahmada" kabla ya kufariki mwezi wa Aprili 2013. Hapa nguzo iliyobaki ni sauti yenyewe, sauti iliyokwaruza na kujulikana na kila mtu, ikiwa juu ya midundo ya kizazi kipya. Aliyemfuata Bi Kidude kwa miaka mingi alijikuta, kwa ajili yake, akiwasikiliza vijana ambao peke yao asingewafungulia redio.

Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa santuri ya Siti of Unguja. Mohamed Issa Matona aliuongoza muziki wake, na ala za taarab zikakutanishwa na sauti za kielektroniki. Mwaka 1928 lugha ilikuwa mpya na muziki ulikuwa wa zamani. Katika kazi ya kitukuu, nyimbo ni za ukoo na mazingira ya sauti ndiyo mapya. Bibi na kitukuu wamefanya jambo moja kutoka ncha mbili.

Hitimisho

Hans Robert Jauss alisisitiza kwamba historia ya fasihi haina budi kumhusisha msomaji na upeo wa matarajio yake. Katika taarab, upeo huo unaweza kushuhudiwa ukisogea, kwa kuwa msikilizaji yumo ukumbini, huinuka, hutunza au huondoka. Historia iliyofuatwa katika makala haya inaonyesha kwamba upeo wa mzee husogea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na kwamba husogea kwa kuegemea kitu anachokijua: muziki kwa hadhira ya Siti, shairi kwa hadhira ya Bhalo, kijembe kwa akina mama wa miaka ya 1990, sauti kwa wafuasi wa Bi Kidude.

Jambo hili lina athari kwa ufundishaji. Mtaala unaozipokea tungo za Ahmad Nassir kama ushairi na kuzifukuza nyimbo za Khadija Kopa kama kelele hujiegemeza kwa wazee, ilhali haujawauliza wote. Aidha, unasahau kwamba kila wimbo unaofundishwa leo kama wa asili ulihitaji siku moja mtu wa makamo aliyeusikia mara ya kwanza, akakunja uso, kisha akaomba urudiwe. Watu hao bado wangali hai katika miji ya pwani, na wengine ni wa umri mkubwa. Kumbukumbu zao juu ya nyimbo walizozikataa na zile walizokuja kuzipenda hazimo katika diwani yoyote. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta uwanja wa utafiti angefanya vyema kuanzia hapo, kabla ya barza hizo kubaki tupu.