Simu inayochemka: kutoka foni ya batri ya gari hadi Android, Butembo na Beni

Watu wengi wa Butembo na Beni wanaijua hali hii. Mama anasikiliza ujumbe wa sauti wa ndugu aliyebaki upande wa Kirumba, na baada ya dakika chache mgongo wa simu unakuwa kama sufuria iliyotoka kwenye mbabula. Mmoja anasema ni virusi, mwingine anasema ni simu ya bandia. Lakini joto hilo lina historia yake, na kuijua kunaweza kuokoa simu, hata nyumba.

Kabla ya simu za mkononi, sauti ilisafiri kwa foni. Ilikuwa redio ya mawimbi mafupi, inayowashwa kwa batri ya gari, na waya wa antena ulionyooshwa juu ya paa. Wafanyabiashara, parokia na mashirika ndio walikuwa nayo. Bei ya kahawa, ndege inayokuja na habari ya msiba zilipitia humo, kwa saa zilizopangwa, na kila mwenye foni aliweza kusikia. Foni nayo ilitoa joto, lakini ilikuwa chombo kikubwa cha chuma kilichokaa mezani, na joto lilipata mahali pa kutokea. Hakuna aliyeilalia chini ya mto.

Kinshasa ilikuwa na simu za Telecel tangu miaka ya 1980, lakini zilikuwa za wakubwa na matajiri. Celtel ilianza kazi nchini mwishoni mwa mwaka 2000, na Vodacom ikafuata mwaka 2002. Ulikuwa wakati wa vita. Nchi imegawanyika, na Beni na Butembo ziko mikononi mwa RCD-ML ya Mbusa Nyamwisi. Mwaka huohuo wa 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla sokoni duniani, na vijana wengi wa Kivu wakaacha mashamba wakaenda kuchimba. Tantali inayotoka katika koltani hutengenezewa vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu. Inapendwa kwa sababu inafanya kazi nyingi ikiwa ndogo sana, na inavumilia joto. Batri nayo inahitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Congo, upande wa Kolwezi. Kwa hiyo chombo kinachochemka mkononi kinaweza kuwa na udongo wa nchi hii ndani yake.

Batri hiyo ya lithiamu ilianza kuuzwa na Sony ya Japani mwaka 1991. Ni nyepesi na inabeba nguvu nyingi, lakini joto ni adui yake. Kila inapopata joto kali inazeeka, na ikishazeeka inatoa joto zaidi hata kwa kazi ndogo. Hapo ndipo simu ya mtumba inapomshangaza mnunuzi.

Simu za kwanza zilizoenea vijijini hazikusumbua sana. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na tochi na kioo kidogo, na batri yake ilikaa siku kadhaa. Hata hivyo, Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba batri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani, zingeweza kupata joto kali wakati wa kuchajiwa, na ikakubali kuzibadilisha. Batri za umbo hilohilo zinatumika hadi leo katika redio ndogo nyingi za mkononi, na nyingi ni za kuigiza. Kwa hiyo habari hii inawahusu pia wanaosikiliza redio bila kuwa na simu.

Wafanyabiashara wa Butembo, waliozoea kufuata mali Dubai, wakaanza kwenda hadi Guangzhou, na simu za China zikajaa madukani. Tecno, kampuni iliyoanza mwaka 2006, ilijulikana Afrika kwa simu za kadi mbili. Kadi mbili zilimfaa mtu anayeishi penye mitandao inayokatikakatika. Lakini kadi mbili maana yake ni kutafuta antena mara mbili.

Kisha ikaja Android. Kazi za redio, tochi, kamera, benki, albamu ya picha na televisheni zikawekwa ndani ya kibao kimoja chembamba. Kompyuta ina feni ya kupoza, simu haina. Joto lake linatoka kupitia mgongo na kioo tu. Hata simu za bei kubwa hazikuponea: mwaka 2016 Samsung iliziita dukani Galaxy Note 7 zipatazo milioni 2.5 kwa sababu batri zilishika moto, kisha ikaacha kabisa kuzitengeneza.

Kwetu historia hiyo inakutana na hali ya mahali. Butembo iko juu milimani na ina baridi. Beni, kama kilomita 54 kaskazini, iko chini na jua lake ni kali. Simu iliyovumilia Butembo inaweza kuchemka Beni. Watengenezaji wengi wanashauri simu isitumike panapopita nyuzi 35, na simu iliyoachwa juani juu ya bati au mbele ndani ya gari inapita hapo upesi. Sababu ya pili ni antena. Simu iliyo karibu na antena inanong'ona, lakini iliyo mbali inalazimika kupiga kelele, na hiyo ni nguvu inayogeuka joto. Njiani bondeni, simu mfukoni inaweza kupata moto bila mtu kuigusa. Ya tatu ni umeme. Butembo iliishi miaka mingi kwa jenereta na paneli za jua kabla umeme wa maji haujaanza kufika nyumbani, na biashara ya kuchaji simu ilizaliwa humo: simu kumi juu ya waya mmoja, chaja za bei rahisi, umeme unaopanda na kushuka.

Familia zilizokimbia mauaji ya Beni tangu mwaka 2014, na zile zilizohama kusini mwa Lubero baada ya Kanyabayonga kuanguka mwishoni mwa Juni 2024, zinaubeba mzigo huu zaidi. Kwao simu ndiyo njia ya kumtafuta mtoto aliyepotea, ndiyo mfuko wa pesa anazotuma ndugu, na wakati mwingine ndiyo yenye picha pekee ya nyumba iliyobaki nyuma. Ikifa, si rahisi kununua nyingine. Na wanalala chini ya shiti, mahali ambapo cheche moja inatosha.

Mambo machache yanasaidia. Simu ichajiwe mahali wazi, mbali na blanketi na godoro, na isitumike kwa video wakati inachajiwa. Pasipo na mtandao, ifungwe kwa alama ya ndege. Ikichemka, itolewe kava, iwekwe kivulini na ipumzishwe. Isitiwe majini wala kwenye friji, kwa maana unyevu unaua vilivyomo ndani. Kioo kikififia chenyewe na simu ikawa nzito kufanya kazi, mara nyingi imejipima joto na inajilinda. Batri iliyovimba isitobolewe wala kurudishwa kwenye chaja, hata kama bado inawasha simu. Namba za ndugu ziandikwe pia kwenye karatasi, kama zilivyoandikwa wakati wa foni.