Kenchi na Azimio la Musoma

Tumezoea kulisoma Azimio la Musoma katika karatasi. Napendekeza tulisome pia juu ya kuta za madarasa, pale kenchi inapokaa.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikiwe mwaka 1977, badala ya kungoja 1989. Madarasa mengi yalihitajika upesi, na wanavijiji ndio waliotakiwa kuyajenga kwa kujitolea.

Wazazi wa Butiama na vijiji jirani walikuwa wajenzi tayari. Paa la nyumba ya msonge lilibanwa na pete za fito zilizofungwa kwa kamba, na vifaa vyake vyote vilitoka porini. Darasa, hata hivyo, ni chumba kipana cha mstatili. Mbao mbili zikiegemezwa juu yake hutanuka na kuzisukuma kuta nje, mpaka ncha zao za chini zifungwe kwa mbao ya tatu. Hapo hupatikana pembetatu, umbo lisilobadilika bila upande wake mmoja kuvunjika au kurefuka. Ndiyo kenchi. Nayo ni bapa: isiposhikwa na papi pamoja na mbao za mshazari, upepo wa ziwa huilaza ubavu.

Tofali, mchanga na maji ni jasho la mwanakijiji. Mbao zilizonyooka, misumari na bati ni fedha. Kwa hiyo mpaka kati ya nguvu za wananchi na wajibu wa dola ukachorwa usawa wa lenta, na haukufutwa na MMEM ya mwaka 2002 wala MMES ya 2004. Hadi leo utawala wetu una neno lake: boma, yaani kuta zinazosubiri kuezekwa. Si neno geni Bunda, Butiama wala Musoma Vijijini.

Mgawanyo huo unaonekana wa haki, lakini mvua haiujui. Ukuta usio na paa huliwa kila masika, na kijiji kilichotimiza ahadi yake mapema ndicho kinachopoteza zaidi. Anayechelewa ni serikali. Anayelipa ni mkulima.

Kwa maoni yangu, fedha ya kenchi na bati itengwe kabla ya tofali la kwanza kulazwa. Azimio liliahidi elimu kwa wote, na elimu hiyo haijakamilika kwa mtoto ambaye darasa lake limeishia kwenye lenta.