Kugongana Pekee Haitoshi

Wasee wa Juja, mnakumbuka kemia ya kidato cha nne? Tuliambiwa chembe zikipashwa joto zinakimbia zaidi, zinagongana kwa nguvu zaidi, na mmenyuko unaenda mbio. Tukakremu, tukapata maksi, tukasonga. Si uongo, lakini ni nusu ya stori, na ile nusu ingine ndiyo tamu.

Ndani ya chupa ya maabara, molekuli ziko kama watu wa steji saa kumi na mbili jioni: kila mtu anasukumwa, kila mtu na kasi yake. Ukiongeza joto unapandisha wastani tu. Nani aligonga nani, na kwa nguvu gani? Huwezi jua.

Mwaka wa 1955, Ellison Taylor na Sheldon Datz wa Oak Ridge, Marekani, walijaribu njia ingine. Ndani ya chemba iliyotolewa hewa, walirusha mkondo mwembamba wa atomi za potasiamu ukatane na mkondo wa haidrojeni bromaidi. Ni kama kufunga Thika Road yote ubaki na makutano moja. Chembe zinagongana mara moja tu, halafu unaangalia zimerukia wapi.

Shida ni kwamba vifaa vyao viliweza kuona metali za aina ya potasiamu na jamaa zake tu. Mwaka wa 1967 Yuan T. Lee, msomi kijana kutoka Taiwan, alijiunga na Dudley Herschbach pale Harvard, wakaunda mashine ya kutambua karibu molekuli yoyote. 1986, wawili hao na John Polanyi wakabeba Nobel ya kemia.

Sasa nguvu yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la Richard Bernstein lilipandisha nishati ya mgongano kati ya potasiamu na methili ayodaidi. Uwezekano wa mmenyuko ulipanda, ukafika kilele, kisha ukashuka! Polanyi naye akaonyesha kuwa aina ya nishati pia ni muhimu: kizuizi kikiwa mapema njiani, kasi inasaidia zaidi, kikiwa mwishoni, afadhali molekuli iwe inatetemeka.

Maoni yangu? Hii historia ingefaa kuwa darasani. Mwanafunzi akipewa jibu pekee anadhani sayansi iliisha kitambo. Na ile mashine ya Harvard haikununuliwa dukani; ilitengenezwa kwa mikono ya mafundi wa karakana ya chuo. Hapa kwetu tuko na JKUAT, na mafundi wa kuchomelea wako kila kona. Si ni wakati hao wawili waanze kuongea?