Mtungi wa Mtama

Ewe msomaji, katika nchi za Ufaransa, Italia na Afrika Kusini, watu wa mijini hupenda kwenda mashambani siku za mapumziko kuzuru nyumba zitengenezazo divai. Jamaa moja huweza kushika shamba la mizabibu tangu babu hadi mjukuu, ikapanda, ikavuna, ikakamua, na kutia divai katika mapipa yake yenyewe. Mgeni huonyeshwa ghala, huelezwa habari za udongo na mvua, kisha hurejea kwao akisifu alichokiona. Hapana amwonaye mwenye shamba kuwa mhalifu. Jina la nyumba yake huandikwa juu ya chupa, na watoto wake hulirithi kwa fahari.

Je, sisi hatuna nyumba za namna hiyo? Tunazo, nazo ni nyingi, ila hatujazoea kuzitazama kwa jicho hilo. Nataka twende pamoja katika mojawapo. Wewe u kijana wa shule, na sheria haikuruhusu kuonja. Basi hatuendi kuonja. Twaenda kujifunza, kwa maana katika kinywaji cha nchi imo sehemu kubwa ya historia ya nchi hiyo.

Safari yetu ni ya Osiri, katika Nyatike, upande wa magharibi wa Kaunti ya Migori. Ni nchi ya joto, yenye udongo mwekundu na mawe, ambako watu huchimba dhahabu kwa mikono yao. Mtama huota vizuri hapo, na vilevile katika Homa Bay iliyo jirani, kwa kuwa mmea huo huvumilia ukame kuliko mahindi. Ukiingia katika boma lenye kazi ya pombe hutaona ghala la mawe wala mapipa ya mwaloni. Utaona mafiga matatu chini ya kivuli, mitungi iliyofunikwa, ungo wa kimea ulioanikwa juani, na mama aliyejifunga leso kiunoni. Ukipiga hodi kwa adabu atakukaribisha, maana mgeni ni mgeni.

Kazi yenyewe yafanywa hivi. Unga wa mtama au wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bamba la chuma mpaka ugeuke rangi ya hudhurungi, ukaanikwa. Kando yake wimbi huloweshwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Siku ya kuunganisha, unga uliokaangwa hutiwa majini pamoja na kimea, na baada ya siku mbili au tatu pombe huwa tayari, ikachujwa. Wajaluo huiita kong'o. Wengi katika Kenya huiita busaa.

Linganisha kazi hii na ya mkamuaji wa zabibu. Tunda la mzabibu lina sukari tayari ndani yake, na hamira hukaa juu ya ganda lake. Ukilikamua na kuliacha, lachachuka lenyewe. Nafaka haina sukari ya kutosha, ina wanga. Kimea ndicho kigeuzacho wanga kuwa sukari, ndipo hamira ikapata chakula chake na kufanya kileo. Mwanachuoni wa Kifaransa, Louis Pasteur, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1850 na 1860 kwamba uchachukaji huo ni kazi ya viumbe hai. Mama wa Osiri huenda hakulisikia jina la Pasteur, lakini hatua zote za kazi hiyo anazijua kwa macho, kwa pua na kwa mkono, kama alivyofundishwa na mama yake. Tusidharau elimu kwa kuwa haikuandikwa kitabuni.

Zamani pombe hii haikuuzwa. Ilikuwa malipo ya shukrani kwa majirani waliokuja kusaidia kulima, kazi ya ushirika ambayo Wajaluo waliiita saga. Ilikuwa sehemu ya arusi, ya matanga, na ya mashauri ya wazee. Wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao oseke, wakanywa polepole na kuzungumza mambo ya ukoo. Vijana hawakukaribishwa. Desturi hiyo ya mirija si ya Nyanza peke yake. Katika makaburi ya mji wa Ur, nchini Iraki, ilipatikana mihuri yenye umri wa miaka zaidi ya 4,000, imechorwa watu wameketi wakinywa kwa mirija mirefu kutoka mtungi mmoja. Mzee wa Nyatike angeiona picha ile angaliitambua mara moja.

Sasa tuone jinsi mtungi ulivyokutana na serikali. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalifanya mkataba mjini Brussels wa kupinga biashara ya utumwa, na ndani yake wakaweka vizuizi juu ya kuingiza vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Shauri hilo lilikuwa na wema wake, kwa kuwa vileo hivyo vilikuwa vimeangamiza watu wengi. Lakini kutoka hapo ilizuka fikira nyingine, kwamba Mwafrika asiachiwe kuchagua kinywaji chake mwenyewe. Kiwanda kikubwa cha bia kilianzishwa Nairobi mwaka 1922, na Mwafrika aliyebeba makreti yake hakuruhusiwa na sheria kunywa bia hiyo ya chupa mpaka mwaka 1947.

Katika miji, jambo lilichukua sura nyingine. Mji wa Durban, Afrika Kusini, ulikuwa umeanza mwaka 1909 kupika wenyewe pombe ya mtama na kuiuza kwa Waafrika katika vilabu vya baraza la mji, huku ukiwakataza wanawake kupika majumbani mwao. Faida iliingia katika hazina ya mji. Mfano huo ulienea, na Nairobi nayo ikaufuata katika Pumwani miaka ya 1920. Angalia vizuri, msomaji: kilichokatazwa hapo si pombe. Iliyokatazwa ni mikono fulani kuitengeneza. Wanawake wa Cato Manor, karibu na Durban, walilifahamu jambo hilo, na mwezi Juni 1959 walivamia vilabu vya serikali kwa hasira, kwa kuwa riziki yao ilimwagwa chini na askari huku mji ukiuza kinywaji kile kile.

Katika Nyanza Kusini mambo yalikwenda pole zaidi, lakini mzigo ulimwangukia yule yule. Kodi ya nyumba ililetwa, nayo ilitaka fedha taslimu. Wanaume walikwenda kutafuta kazi Kisumu, Nairobi na Mombasa, katika reli, katika mashamba ya chai ya Kericho, na katika mgodi wa Macalder uliokuwa papo hapo Nyatike. Mama alibaki na watoto, shamba na mtungi. Hapo ndipo pombe ilipoacha kuwa shukrani ikawa biashara. Shilingi zilizopatikana zililipa kodi, zikanunua chumvi na nguo, na baadaye zikalipa karo.

Dini nayo ilikuwa na neno lake. Wamisionari Waadventista wa Sabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, nao waliwafundisha waumini wao kuacha pombe kabisa. Watu wengi wa Homa Bay na Migori walishika mafundisho hayo na wangali wanayashika. Basi utaona hata leo mabomani, ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja hagusi pombe na wa pili aishi kwayo. Wala usidhani kwamba kukataa kinywaji ni kuikana historia. Paul Mboya, aliyekuwa mchungaji wa Waadventista na chifu wa Karachuonyo, ndiye aliyeandika kwa Kijaluo kitabu mashuhuri cha desturi za watu wake, kilichopigwa chapa mwaka 1938. Mtu aweza kuacha jambo na bado akalihifadhi katika maandishi ili wajukuu walijue.

Lazima niseme pia upande wa giza, maana insha isemayo ukweli nusu ni uongo. Pamoja na busaa ilikuja chang'aa, kileo kikali kitonwacho kwa moto, kiwezacho kumlewesha mtu kwa kikombe kimoja. Machimboni, ambako mtu hupata fedha kwa ghafula, hupotea kwa ghafula hiyo hiyo. Ziko nyumba zilizovunjika, wake waliopigwa, na watoto waliolala njaa huku fedha ya baba ikiishia kilabuni. Mama yule yule alipaye karo ya mwanawe kwa pombe huenda anakula karo ya mtoto wa jirani. Yeye mwenyewe analijua hilo, na ukimwuliza kwa heshima hatakuficha.

Baada ya uhuru serikali ilitafuta dawa. Rais Moi, muda mfupi baada ya kushika madaraka mwaka 1978, alivifunga vilabu vya pombe za kienyeji, na mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria ya kuharamisha chang'aa. Kwa miaka 30 iliyofuata mtungi uliishi mafichoni, vichakani na kando ya mito. Je, watu waliacha kunywa? Hawakuacha. Kilichoondoka ni macho ya watu. Pombe ipikwayo hadharani hutazamwa na jirani. Ipikwayo gizani haitazamwi na mtu. Wachuuzi wasio na huruma walianza kuchanganya vileo na methanoli, sumu ya viwandani, ili vipate ukali upesi. Mwezi Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo, na wengine wakapofuka. Kimea cha wimbi hakikuwaua watu hao. Waliuawa na tamaa iliyopata maficho.

Mwaka 2010 sheria mpya iliiondoa ile ya 1980. Iliruhusu vinywaji hivyo vitengenezwe kwa leseni na kwa usafi, vileo vikali vikatiwa katika chupa za kioo, na ikakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Ilikuwa hatua ya busara. Lakini leseni, mitambo na chupa vyahitaji mtaji, na mama mwenye mafiga matatu hana mtaji. Mlango ulifunguliwa, ila kizingiti chake kilikuwa kirefu kuliko mguu wake.

Wakati huo huo mtama wenyewe ulipata safari mpya. Kiwanda kikubwa cha bia kilianza mwaka 2004 kuuza bia ya bei nafuu katika mapipa, isiyotozwa ushuru mkubwa, ili kuwavuta watu waache vileo vya hatari. Na wakulima wakatiwa moyo wapande mtama wa kuitengeneza. Mwaka 2013 serikali ilirudisha sehemu ya ushuru, mauzo yakaanguka, na wakulima wakabaki na nafaka isiyo mnunuzi. Baadaye ushuru ulipunguzwa tena, na mwishoni mwa miaka ya 2010 kiwanda cha Kisumu kilichokuwa kimefungwa kikafufuliwa. Leo mtama wa Homa Bay na Migori hupanda lori kwenda Kisumu, hurudi katika pipa, nao huuzwa kwa watu wale wale walioulima. Ni mtama mmoja. Ukipita kiwandani ni biashara ya nchi; ukipita mtungini huenda ukawa kesi mahakamani.

Turudi sasa kwa wale wakulima wa Ulaya tulioanza nao. Wao nao walikuwa na matatizo ya udanganyifu. Wachuuzi walichanganya divai mbovu na kuiuza kwa majina ya mahali penye sifa. Ufaransa ilifanya nini? Haikuvunja mapipa ya wakulima wadogo. Mwaka 1935 iliweka utaratibu wa kulinda majina: divai isiitwe kwa jina la mahali ila imetoka pale, kwa zabibu za pale, na kwa njia iliyokubaliwa pale. Sheria ilimwinda mdanganyifu, ikamlinda fundi. Ndiyo sababu nyumba ndogo za mashambani zingali zikipokea wageni hata leo.

Sisemi kwamba kila boma la Osiri ligeuzwe kilabu. Nasema kwamba sheria njema hutofautisha sumu na kazi ya mikono, na mlevi na fundi. Katika nchi yetu mambo hayo manne yalitiwa katika gunia moja kwa muda mrefu, na aliyelibeba gunia hilo ni mwanamke wa shamba. Vijana wa shule za leo ndio watakaokuwa wabunge, mahakimu, maafisa wa afya na wenye viwanda wa kesho. Huenda siku moja shauri hili likafika mezani pako.

Basi, likizo ijayo, ukienda kwenu, keti na nyanya yako. Mwulize jinsi kimea kilivyochipuzwa, nani aliyekaribishwa mtungini na nani aliyekatazwa, na askari walikuja lini. Mwulize pia karo ya baba yako ilitoka wapi. Andika atakayokujibu, tamu na chungu pamoja, kabla mdomo ujuao haujanyamaza.