Udongo ni wa serikali, haki ni ya nani? Historia ya karatasi za parseli nchini Congo

Familia nyingi zilizokimbia vita Rutshuru, Masisi, Nyiragongo au Djugu zinauliza swali moja: parseli tuliyoiacha kule, ingali yetu? Mjini nako, makomisionere wanaotafutia watu nyumba na viwanja wanaulizwa kila siku kama karatasi fulani ni ya kweli. Maswali hayo mawili yana mzizi mmoja, na ili kuuona lazima turudi nyuma yapata miaka 140.

Kabla ya wakoloni, ardhi haikuuzwa kama mbuzi sokoni. Kule Bushi, kwa mfano, Kabare na Walungu, mtu alimtolea mwami au mtu wake zawadi iliyoitwa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, kisha akapewa shamba la kulima yeye na watoto wake. Hapakuwa na karatasi. Ushahidi ulikuwa ng'ombe yule, majirani waliokuwepo, na mipaka ambayo wazee waliijua.

Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa mfalme Leopold II ulitoa amri fupi: ardhi zote zisizo na mwenyewe ni za serikali. Shida ni nani aliyeamua kwamba ardhi haina mwenyewe. Shamba lililopumzishwa, pori la kuwinda, malisho ya ng'ombe, vyote vilionekana vitupu machoni pa mgeni. Miaka hiyohiyo ukaletwa pia utaratibu uliotoka Australia, wa kuandika kila haki ya ardhi katika kitabu cha serikali. Aliyeandikwa kitabuni ndiye aliyetambuliwa. Kwa muda mrefu walioandikwa walikuwa hasa wazungu, makampuni na misioni, huku wakaaji wakibaki chini ya desturi.

Hapa Kivu, mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa madaraka juu ya ardhi kubwa sana ili igawie walowezi. Ndipo yakaja mashamba ya kahawa, chai na kinkina. Wazee walioondolewa hawakusahau mipaka yao, na watoto wao pia hawakusahau.

Baada ya uhuru, serikali ilitaka kuvirudisha vilivyotolewa na mkoloni. Mwaka 1966 ilitoka sheria ya Bakajika, iliyorudishia serikali haki zote za ardhi, misitu na madini zilizogawiwa kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Kisha tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria ya ardhi namba 73-021, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu chake cha 53 kinasema udongo ni mali ya serikali peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa kupitwa na miaka. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Mkongomani anaweza kupewa haki ya daima, inayorithiwa na watoto. Haki nyingine zina muda, kama miaka 25 inayoweza kuongezwa.

Na ardhi za desturi? Sheria hiyo ilizifanya nazo kuwa za serikali, ikasema haki za wakaaji wake zitapangwa na amri ya rais. Amri hiyo haikutoka. Ndiyo sababu tuna milango miwili hadi leo: mwami au shefu anagawa upande huu, ofisi ya ardhi inagawa upande ule, wakati mwingine shamba lilelile. Sheria inadai uchunguzi ufanyike kwanza shambani ili kujua nani anakaa pale. Lakini uchunguzi ukifanyiwa mezani, mkulima anashtukia siku mwenye sertifika anapofika na polisi. Masisi imejua magomvi hayo kwenye mashamba ya zamani ya walowezi. Djugu, mwaka 1999, ugomvi wa namna hiyo ulisaidia kuwasha vita.

Komisionere anayetaka kufanya kazi safi aanzie hapo. Mteja wake hanunui udongo, ananunua haki iliyo juu yake pamoja na nyumba iliyojengwa. Basi aulize: haki hiyo imeandikwa wapi? Fishi ya parseli kutoka kata au komini inaonyesha anayekaa pale, lakini haimfanyi kuwa mwenyewe. Hati ya mauzo yenye muhuri wa shefu inashuhudia mapatano. Mkataba wa kukodi kwa serikali, usiozidi miaka 3, ni hatua ya kwanza ya kujenga na kuonyesha kwamba kiwanja kinatumika. Sertifika ya kuandikishwa ndiyo inayoithibitisha haki mbele ya sheria, na mauzo hayajakamilika mpaka jina libadilishwe kwa konservatere. Tena, sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wote wawili wakubali kabla nyumba haijauzwa. Komisionere anayefunga biashara na mume peke yake anamuuzia mteja kesi.

Kwa familia zilizohama, historia hii ina habari njema na habari ya kuogopesha. Njema ni kwamba sertifika inaandikwa mara mbili: moja anapewa mwenyewe, nyingine inabaki katika kitabu cha konservatere. Karatasi yako ikiungua au ikipotea njiani, haki yako haikuungua nayo. Andika namba ya buku na ya ukurasa kama unazikumbuka, tunza picha kwenye simu, na kumbuka majina ya majirani wa pande zote nne. Kwa shamba la desturi, mashahidi hao ndio kitabu chako, na katiba ya 2006 inatambua mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi.

Ya kuogopesha ni muda. Mtu akiandikisha parseli yako kwa udanganyifu ukiwa mbali, sheria inatoa miaka 2 ya kuishambulia sertifika hiyo. Baada ya hapo inakuwa vigumu sana kuivunja, na mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia kwa aliyekudanganya. Kwa hiyo usingoje amani irudi ndipo uulize. Ukisikia kuna mtu anapima kwako, andika barua ya kupinga kwa konservatere, bakiza kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na utafute mwanasheria. Na akija mtu kambini kukununulia shamba kwa bei ya unga, mkumbuke babu aliyetoa ng'ombe ili ulipate.